Koma katikati ya jina la babu

Saa tatu usiku steshenari moja ya Mwenge ilikuwa bado na taa. Kijana wa kompyuta yuko mezani, pembeni yake mwanafunzi wa uzamivu ameshika flashi na kurasa zenye maandishi mekundu. Tasnifu inatakiwa ijalidiwe kesho yake asubuhi. Kilichobaki ni marejeo tu, kurasa kumi na tisa, na kijana anayapanga moja moja kwa kukata na kubandika. "Dada, huyu Salumu wa hapa ndiye Mbwana wa ukurasa wa themanini, au ni mtu mwingine?" Mwanafunzi alikaa kimya. Jina lile alilinakili miaka minne nyuma kwenye daftari ambalo hajui liliishia wapi.

Maandishi mekundu yalikuwa yangu. Nilikuwa msimamizi wake, na nilipita pale kumpa moyo. Nilisimama nyuma yao kama nusu saa, nikaondoka na uchungu, kwa sababu kosa lilianzia kwangu. Miaka minne yote nilimfundisha kusoma, kuhoji na kujenga hoja, lakini sikuwahi kukaa naye hata alasiri moja nimwonyeshe namna ya kutunza alichokisoma, wala namna ya kulilinda jina lake siku atakapoanza kusomwa na wengine.

Haya mawili huwa tunayatenganisha. Programu za kutunza marejeo tunawaachia wakutubi. Namba za utambulisho wa watafiti tunawaachia wanaoomba fedha za miradi nje. Nimefika mahali pa kuamini kwamba ni jambo moja. Mfumo mzima wa kunukuu umejengwa juu ya jina la ukoo, na wengi wetu hapa hatuna jina la ukoo. Mtafiti wa kwetu asiyejipanga tangu mwanzo, kazi yake itagawanywa kwa watu ambao hawapo duniani.

Tuanze na koma, ile inayofuata jina la ukoo kwenye orodha ya marejeo. Tuchukue jina la mfano: Rehema Salumu Mbwana. Rehema ndiye yeye, Salumu ni baba yake, Mbwana ni babu yake. Ndivyo tunavyoitana mwambao wote, Tanga hadi Kilwa, na ndivyo mwalimu anavyoita mahudhurio darasani. Sasa Rehema anatuma makala kwenye jarida la Ulaya. Fomu ina visanduku viwili, cha jina la kwanza na cha jina la ukoo, na cha pili hakikubali kuachwa wazi. Mwaka huu anaandika Salumu, ananukuliwa "Salumu, R." Mwakani mtu anamshauri atumie jina la tatu kama lilivyo kwenye pasipoti, ananukuliwa "Mbwana, R. S." Akiolewa na kuchukua jina la mume, amezaliwa mtu wa tatu. Na kama karani aliwahi kuandika Salum bila ile u ya mwisho, kompyuta inamhesabu wa nne.

Wenye majina ya ukoo nao hawajapona. "Mushi, J." ni nani? Anaweza kuwa Joseph wa udongo, Joyce wa malaria au Juliana wa sheria za ardhi, wote wakiwa Dar es Salaam hii hii, pengine wawili wakiwa chuo kimoja. Kwa hiyo tuna shida mbili zinazovutana: mtu mmoja mwenye majina mengi, na watu wengi wenye jina moja. Waethiopia wanatuelewa, maana nao hubeba jina la baba na la babu. Waiceland pia, kitabu chao cha simu kilipangwa kwa jina la kwanza, kwa sababu kwao la pili linasema tu wewe ni mtoto wa nani.

Mfano wa hadhara uko karibu nasi. Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar tunamjua kwa riwaya, tamthilia na mashairi. Alipokuwa profesa Bayreuth, Ujerumani, makala zake za kitaaluma zilitoka kwa jina la Said A. M. Khamis. Sisi tuliokulia kwenye fasihi ya Kiswahili tunajua ni mtu mmoja. Kompyuta haijui. Kwa upande wake, Mohamed na Khamis ni rafu mbili tofauti za maktaba. Mwandishi wa kiwango chake ana wasomaji wa kumsemea. Mhadhiri msaidizi mwenye makala tatu atasemewa na nani?

Rafiki yangu mmoja alikutana na swali hilo uso kwa uso. Alipoomba kupandishwa cheo, kamati ilimtaka athibitishe kwamba majina matatu yaliyoandika makala zake ni ya kwake peke yake. Alikwenda kuapa kiapo cha majina kwa wakili, akagonga mhuri, akasubiri. Hakuna aliyemwonea, kamati ilikuwa na haki ya kuuliza. Lakini fikiria mtu aliyekesha maabara miaka saba analazimika kula kiapo kwamba yeye ndiye yeye.

Dawa ipo tangu Oktoba 2012, mwezi ambao ORCID ilianza kutoa namba za utambulisho wa watafiti. Ni shirika lisilo la faida; mtafiti halipi hata senti, zinazolipa ada ni taasisi wanachama. Namba yenyewe ina tarakimu 16, zimepangwa nne nne. Namba ndefu tumezizoea: ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo zinataja mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Ya ORCID haitaji chochote, iwe nchi, umri, jinsia au chuo. Tarakimu ya mwisho peke yake ndiyo yenye kazi: inakokotolewa kutokana na 15 zilizotangulia, ili ukikosea moja wakati wa kunakili mfumo ugundue. Wapo wanaokuta herufi X mwishoni wakadhani namba yao imeharibika. Haijaharibika, hiyo X inasimama badala ya 10 kwenye nafasi ya tarakimu moja.

Mimi naipenda namba hii kwa ukimya wake. Mtu anahama Muhimbili kwenda Nairobi, anaolewa, anaachika, anaamua kurudia jina la babu yake kwa tahajia aliyoipenda babu mwenyewe, na namba inabaki ile ile. Ndani ya rekodi kuna sehemu ya kuandika majina mengine unayojulikana nayo, na unaweza kuyajaza yote, hata yale yaliyokosewa na makarani. Ni kama kulipa ada kwa kumbukumbu namba: hela inafika hata jina likipungua herufi.

Lakini tusiiongezee sifa isizokuwa nazo. NIDA huchukua alama za vidole. ORCID inataka barua pepe tu. Yeyote anaweza kufungua rekodi na kujiita profesa. Uzito wa rekodi unatokana na nani aliyeingiza kila kipengele. Kilichoandikwa na mwenyewe kinaonyesha kwamba chanzo ni mwenyewe. Kilicholetwa na jarida au chuo kinaonyesha hivyo. Tangu 2015 kuna njia nzuri zaidi: ukitoa namba yako wakati wa kutuma makala, jarida huipeleka Crossref, shirika linalosajili makala za majarida, pamoja na DOI, yaani namba ya kudumu ya makala hiyo, na ukiwapa Crossref ruhusa, makala inaingia yenyewe kwenye rekodi yako. Nikiangalia rekodi ya mtu anayeomba kazi, macho yangu huenda kwenye mstari wa chanzo kwanza, ndipo nasoma vichwa vya makala.

Ushauri mwingine unaotokana na machozi niliyoyaona: usijisajili kwa barua pepe ya chuo peke yake. Mkataba ukiisha barua pepe inafungwa, na wewe unafungiwa nje. Weka ya chuo na ya binafsi, zote mbili. Na nywila usimwachie kijana wa steshenari, hata awe mwaminifu namna gani.

Kuna utambulisho mwingine ambao hukuuomba. Scopus, hifadhidata ya kampuni ya Elsevier, huwapa waandishi namba kwa mashine inayolinganisha majina, taasisi na waandishi wenza. Kwa majina ya kwetu mashine hiyo hubahatisha. Nimewahi kumwonyesha mwenzangu namba zake mbili za Scopus, moja ya jina la baba na moja ya jina la babu, kila moja ikiwa na nusu ya kazi zake. Unaweza kuomba ziunganishwe, na baada ya hapo ukaiambatisha kwenye rekodi yako ya ORCID. Web of Science ya kampuni ya Clarivate nayo ina namba yake, ambayo ilianza 2008 kwa jina la ResearcherID. Ukurasa wa Google Scholar unasaidia kuonekana, ila nao hujaza kwa kukisia, na nimekuta watu wamepewa makala za majina yao huko India. Ingia ukasafishe.

Sasa twende kwenye programu zenyewe. Sitajifanya sina upande. Wanafunzi wangu nawaanzisha na Zotero. Ilitoka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, jimbo la Virginia, Marekani. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na jambo linalonigusa zaidi nikiwa Dar es Salaam ni kwamba marejeo yanakaa kwenye kompyuta yako mwenyewe. Bando likiisha katikati ya sura ya pili, unaendelea kuandika. Umeme ukikatika Sinza, betri yako inatosha. Marejeo yenyewe unayalandanisha na seva yao bila kikomo. Kinachohesabiwa ni mafaili ya makala unayoyaambatisha, ambayo ya bure yanaishia megabaiti 300. Hizo zinajaa haraka kwa mtu anayesoma sana. Wanafunzi wangu wengi hulandanisha marejeo tu, makala zenyewe wakazinakili kwenye diski ya nje kila Ijumaa. Laptop ikiibwa kwenye daladala, na huibwa, kinachopotea ni mashine.

Mendeley ina wapenzi wengi hapa mjini, na nafasi yake ya bure ni kubwa zaidi, gigabaiti 2. Ilianzia London, Elsevier ikainunua 2013. Mwaka 2018 toleo jipya la programu hiyo lilianza kufunga kwa usimbaji hifadhidata iliyomo kwenye kompyuta ya mtumiaji. Kampuni ilieleza kuwa ni kwa usalama, lakini matokeo yake yalikuwa kwamba Zotero haikuweza tena kuisoma moja kwa moja. Mwaka 2021 programu zake za simu ziliondolewa. Septemba 2022 ile programu ya zamani ya kompyuta ikaacha kutolewa kwa watumiaji wapya, nafasi yake ikachukuliwa na nyingine. Sisemi watu waikimbie. Nasema historia hiyo imenifundisha kuuliza swali moja kabla ya lolote: nikitaka kuhama kesho, natoka na mzigo wangu? Programu yoyote inayokupa marejeo yako kwa muundo wa RIS au BibTeX, mafaili ambayo programu nyingine zinayasoma, inakuacha huru. Jaribu kutoka siku ile ile unayoingia, ukiwa na marejeo matano. Ukisubiri yafike mia nane utakuwa umechelewa.

EndNote ni kongwe, ya tangu miaka ya 1980, na leseni yake kamili inagharimu mamia ya dola. Ofisi ikikununulia, itumie vizuri. Walio hesabu na fizikia wana BibTeX yao tangu 1985 na hawahitaji kushawishiwa na mtu kama mimi.

Programu hizi zote, hata iliyo bora, huamini unachoiambia. Chukua ripoti ya sensa. Mwanafunzi anaingiza mwandishi "Ofisi ya Taifa ya Takwimu" kwenye visanduku viwili vya jina la mtu, na kwenye orodha inatoka "Takwimu, O. ya T. ya", kana kwamba kuna bwana anaitwa Takwimu. Nimesahihisha kosa hilo mara nyingi kuliko kosa lolote la sarufi. Katika Zotero, pembeni ya jina la mwandishi kuna kitufe kidogo kinachounganisha visanduku viwili kuwa kimoja. Bofya hapo, andika jina lote, na koma haitaingia. Kitufe hicho hicho kinamfaa Rehema Salumu Mbwana, kama yeye mwenyewe ameamua jina lake lisipinduliwe. Na ameamuaje? Fungua rekodi yake ya ORCID uone anavyojiandika. Hapo ndipo namba ya mwandishi na programu ya marejeo zinapokutana, na ndiyo maana nasema ni jambo moja.

Wanaoandika kwa Kiswahili wana adha nyingine. Mitindo kadhaa ya kunukuu hukuza herufi ya kwanza ya kila neno kuu katika vichwa vya Kiingereza. Programu isipoambiwa lugha, hudhani kila kitu ni Kiingereza, na makala iitwayo "Athari za mafuriko katika Bonde la Msimbazi" inachapwa "Athari Za Mafuriko Katika Bonde La Msimbazi". Hizo Za na La zenye herufi kubwa zinaumiza macho ya yeyote aliyefundishwa kuandika Kiswahili. Tiba yake ni sekunde tatu: kwenye sehemu ya lugha andika sw. Mengine yanahitaji kazi zaidi. Programu inaweka "and" kati ya waandishi wawili ilhali tasnifu yote ni ya Kiswahili, inaweka "et al." pale tunapoandika "na wenzake". Mitindo hii ni mafaili ya wazi, iko zaidi ya 10,000, na mtu mwenye subira anaweza kufungua mmoja akabadili maneno hayo. Ningependa sana idara zetu zinazopokea tasnifu za Kiswahili, TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikiwa mbele, ziandae mtindo rasmi mmoja, zimpe kila mwanafunzi siku ya kwanza. Ni kazi ya wiki moja ya mtu mmoja makini, na ingeokoa mikesha isiyohesabika ya Mwenge na Ubungo.

Siku hizi kuna sababu mpya ya kuwa wakali. Programu za akili mnemba zinatunga marejeo: mwandishi wa kweli, jarida la kweli, mwaka unaoaminika, makala ambayo haikuandikwa kamwe. Nimepokea sura yenye marejeo manne ya namna hiyo, na mwanafunzi hakujua kwamba yametungwa. Tangu hapo sipokei rejea ya jarida yenye DOI iliyochapwa kwa mkono. Ingiza DOI kwenye programu, iache ilete taarifa yenyewe. Ya kubuni ama haileti kitu, ama inaleta makala nyingine kabisa. Zotero pia, tangu 2019, hulinganisha maktaba yako na orodha ya Retraction Watch, na makala iliyofutwa na jarida inawekewa alama nyekundu. Kwa mtu wa afya anayenukuu jaribio la dawa, alama hiyo si jambo dogo.

Makala nyingi za kwetu, hata hivyo, hazina DOI, na kuzikataa kwa sababu hiyo kungekuwa kuwaadhibu wazee wetu. Majarida ya miaka ya 1970 yako kwenye rafu tu, yanaingizwa kwa mkono, kwa utulivu, mtu akiwa na nakala mbele yake. Ya sasa yana nafuu: majarida kama Tanzania Journal of Science yamo AJOL, mtandao wa majarida ya Afrika wenye makao yake Afrika Kusini, na ukiona DOI inaanza na 10.4314 jua imepitia huko. Wahariri wa majarida madogo ya vyuo vyetu ningewaomba jambo moja zaidi: fomu yenu ya kupokea makala iwe na mstari wa ORCID, na jina la mwandishi mlichape kama alivyoliandika yeye.

Wenye kauli vyuoni nawaomba zaidi ya hapo. Mwanafunzi wa uzamili anapojisajili tunamdai namba ya mtihani wa kidato cha nne, ya NIDA, ya simu. Tuongeze mstari mmoja wa namba ya mtafiti, na alasiri moja ya mafunzo ya marejeo katika wiki ya kwanza, kabla hajasoma makala hata moja. Ule ukumbi wa maktaba mpya ya Mlimani, iliyofunguliwa Novemba 2018, una viti vya kutosha. Mashirika ya nje hayatusubiri: Wellcome ya Uingereza ilianza kuwadai waombaji fedha namba ya ORCID mwaka 2015.

Nami nimeanza kwangu. Mwezi uliopita nilikutana na mwanafunzi mpya, kijana wa Lindi. Kabla hatujagusa mada yake nikamwambia afungue laptop tujisajili. Alipofika kwenye jina akasita. "Mwalimu, la tatu niandikeje? Cheti changu kina Mohamedi, cha baba kina Muhamadi." Nikamwambia mwenye jibu yuko Lindi. Akapiga simu pale pale, akaweka sauti ya nje.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini, mbona saa za kazi?"

Akamweleza. Mzee alinyamaza kidogo, halafu akasema babu alikuwa hajui kuandika ila alikuwa na mhuri wa shaba wa biashara ya chumvi, na kwenye mhuri ule ilikuwa Muhamadi. Kijana akaandika Muhamadi. Mohamedi tukaiweka kwenye mstari wa majina mengine.

"Sasa hiyo," mzee akauliza kwenye simu, "itabaki hivyo?"

"Itabaki hivyo, baba."

Ndipo tukafungua Zotero, tukaingiza makala ya kwanza.